TAHADHARI: Koili za vepu zilizoandikwa omu 0.8 zinazouzwa Arusha, pima kabla hujalipa

Wakuu, habari za jioni. Kama unatumia sigara ya umeme (vepu) na upo Arusha mjini, au una ndugu anayetumia, naomba usome hii. Jumapili iliyopita shemeji yangu nusura aungue mkono, na chanzo ni koili tulizonunua mimi na yeye kwa muuzaji mmoja. Koili ni ule waya mdogo wenye pamba unaopata moto na kugeuza juisi ya vepu kuwa mvuke.

Huyo kijana hana duka. Anatangaza kwenye status na kwenye magrupu, mnakubaliana, halafu anakuletea mzigo maeneo ya Kilombero, karibu na soko. Jina simtaji, maana kila mara anakuja na jina na laini mpya, ukilishika hilo halitakusaidia. Shika mzigo wenyewe: pakiti ya koili tano, shilingi 25,000, kila koili imeandikwa ubavuni omu 0.8. Omu ni kipimo cha ukinzani wa waya: zikiwa ndogo, umeme mwingi zaidi unapita.

Kifaa changu kina kioo kidogo kinachosoma omu. Nilifunga ya kwanza, kikasoma 0.32. Nikadhani sijaikaza vizuri, nikafungua, nikafuta nati, nikarudisha. 0.32 tena. Ya pili 0.35. Ya tatu ikaruka hadi 1.4, mvuke wake hafifu kama wa chai iliyopoa. Ya nne ndiyo pekee iliyosoma 0.8. Ya tano haikusoma chochote.

Sikutaka kumhukumu mtu kwa kifaa changu peke yake, nikazipeleka kwa fundi simu. Hapa nimejifunza kitu: mita ya kawaida hukosea kwenye omu ndogo, kwa sababu waya zake zenyewe zina ukinzani. Fundi alianza kwa kugusanisha ncha mbili za mita, ikasoma 0.2. Basi kila alichopima baada ya hapo alitoa hiyo 0.2. Majibu yakakaribiana kabisa na ya kifaa changu.

Nilipompigia muuzaji akasema tofauti ni jambo la kawaida, hata viatu vya mzigo mmoja havilingani. Ni kweli koili hazitoki kiwandani zikiwa sawasawa. Iliyoandikwa 0.8 ikisoma 0.77 au 0.84 sina neno, natumia. Lakini 0.32 si tofauti, hiyo ni koili nyingine iliyopigwa chapa ya uongo. Nikamwambia hivyo. Akageuza maneno, eti sikuiloweka pamba kwa juisi kabla ya kuwasha. Kuloweka dakika tano hadi kumi ni muhimu, usipofanya hivyo pamba inaungua na koo linakuwa kama umemeza majivu. Ila pamba kavu haishushi omu za waya! Baada ya hapo akanibloku.

Sasa kuhusu shemeji. Mimi kifaa changu kina sakiti inayopima koili na kukataa kuiwasha ikiwa si salama. Yeye anatumia lile bomba la chuma lisilo na sakiti yoyote: ukibonyeza, umeme unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye koili. Betri ya 18650, ile ya duara inayoingia ndani ya bomba, ikijaa ina volti 4.2. Gawanya kwa omu 0.8, unapata ampea 5 na kidogo, yaani kiasi cha umeme unaopita. Gawanya 4.2 hiyo hiyo kwa 0.3, unapata ampea 14. Betri yake mwisho wa kutoa umeme kwa usalama ni ampea 10. Yeye aliamini maandishi, kama ambavyo mtu yeyote angeamini. Alivuta mara nne akiwa sebuleni kwake Ngarenaro, bomba likapata moto mpaka akalirusha sakafuni. Tulipolifungua nje kwenye zege, baada ya kupoa, ganda la plastiki la betri lilikuwa limejikunja na kuachia. Betri za lithiamu zikizidiwa zinaweza kuwaka au kupasuka, na mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa amekaa pembeni yake kwenye kochi. Tangu siku hiyo silali vizuri nikiliwaza.

Dalili nilizoziona kwenye pakiti: maandishi ya ubavuni yanafutika ukiyakwangua kwa kucha, na hakuna ile sehemu ya kukwangua upate namba ya uhakiki. Hilo la pili lisikutoshe, wanaoghushi huiga hata hiyo. Cha uhakika ni kupima. Nenda na kifaa chenye kioo, mwambie afungue pakiti mbele yako, soma koili ikiwa ya baridi kwa sababu baadhi ya waya omu zake hupanda zikipata joto. Akikataa kufungua, rudi na hela yako.

Kama ulishanunua mzigo huu na unatumia bomba lisilo na sakiti, toa betri leo hii. Usijaribu hata mara moja "kuona kama yako ni nzima". Betri ambayo ganda limechubuka usiirudishe kwenye chaja.

Pakiti yangu na betri ya shemeji nimezihifadhi, nazipeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Aliyenunua kwa huyo kijana na bado ana pakiti asiitupe, anitumie picha ya ubavu wa koili na namba iliyosomwa kwenye kioo. Tukienda watu watano wenye vipimo itakuwa na uzito kuliko nikienda peke yangu.