Marsaxlokk, Malta: nimelipia kichwa cha samaki nisichokiona

Nyota mbili. Naandika mbili kwanza, tukifika chini tutaona, maana kwa hasira nilizo nazo naweza kuwaonea watu wasio na kosa.

Kijiji chenyewe mshakiona pichani hata kama jina hamlijui. (Hiyo x wanaitamka kama sh.) Ni bandari ndogo kusini mashariki ya Malta, imejaa mashua za buluu, manjano, nyekundu na kijani, na kila mashua ina macho mawili kwenye omo. Wanaziita luzzu. Mimi ni wa Lamu, majahazi yetu nayo yana macho, kwa hiyo nilipoziona moyo ulifurahi kabisa. Nikamwambia dada yangu, ambaye ni muuguzi huko na ndiye aliyenipeleka, hapa tumefika kwa watu wetu. Watu wetu! Laiti ningejua.

Ilikuwa Jumapili, karibu na Pasaka hivi, na Jumapili ndiyo siku ya soko la samaki. Meza zimepangwa ukingoni mwa maji, pweza, ngisi, vipande vya jodari vyekundu kama nyama ya ng'ombe, akina mama wa Kimalta wanabonyeza samaki kwa kidole na kubishana bei kwa sauti. Mpaka hapo sina lawama, ila ukisogea mbele kidogo soko linageuka kuwa la mashuka, soksi na sumaku za kubandika kwenye friji.

Tukaona njaa. Tukakaa kwenye mkahawa mmoja katika ule mstari wa meza zinazotazama bandari. Jina silitaji, sitaki kesi. Mhudumu akaja, kijana mtanashati, akatuambia leo kuna lampuki, amevuliwa asubuhi hii na wavuvi wa hapa hapa. Dada akanieleza kwamba lampuki ndiye fulusi. Basi nikafurahi zaidi, kwani fulusi namjua tangu utotoni: paji pana, mgongo wa kijani unaong'aa, ubavu wa manjano, na akishakufa rangi zinamkimbia anabaki kijivu. Ndiyo maana fulusi humnunui kwa kusimuliwa. Unamtazama jicho, unafunua matamvua, unabonyeza nyama uone kama inarudi.

Nikamwambia kwa adabu kabisa, naomba nimwone kabla hajaenda motoni, na mnipimie, kwa kuwa bei mmeandika kwa kilo.

Kijana akanitazama kuanzia mtandio hadi viatu. Akafunga kile kijitabu chake. Akasema, kwa sauti ya kusikika meza ya tatu: "Madam, hapa si sokoni."

Si sokoni! Soko liko mgongoni mwake! Ningenyoosha mkono ningemgusa mama anayeparua samaki. Kijiji kizima kinaishi kwa samaki, kimejengwa kwa samaki, watu wanapanda basi kutoka Valletta, mji mkuu, kuja kuangalia samaki, halafu mimi nikiomba kumwona samaki nitakayemlipia naonekana mshamba. Wazee wawili meza ya jirani, sijui Wajerumani, walicheka. Nilitaka kuinuka. Dada akanishika mkono: "Mdogo wangu, tule tuondoke, njaa inauma." Dada yangu ni mtu wa amani mpaka inaudhi.

Samaki akaja. Au niseme, kitu kikaja. Vipande viwili vyeupe, havina kichwa, havina mkia, havina hata ngozi ya kunisaidia kumtambua, vimemwagiwa mchuzi wa nyanya, vitunguu na vitumba vya maua ya kepa juu, ukichokonoa kwa uma ndani vinatoa maji. Samaki wa asubuhi hatoi maji hivyo, huyo amelala kwenye barafu na barafu imemwacha. Bili ilipokuja imeandikwa kilo moja na ushei. Kilo moja ya nini? Kama mmempima mzima, kichwa changu kiko wapi? Kwetu kichwa cha samaki kina mwenyewe, hakipotei jikoni. Nikauliza. Jibu nililopata ni mabega kupandishwa. Na chini ya bili kuna euro za ziada za kila mtu kwa kosa la kukaa mezani na kuletewa mkate.

Supu ya mwanzo, aljotta, ile ya samaki na vitunguu saumu na wali kidogo ndani, ilikuwa nzuri mno, nasema ukweli. Nadhani mpishi na mhudumu hawasemezani.

Tulipotoka nilikuwa nimevimba. Sikuingia kanisani, wala sikupiga picha. Tukatembea kuelekea mwisho wa bandari mahali ambapo watalii wanapungua, tukamkuta mzee ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, wavu umetandazwa miguuni, anashona matundu. Kidole gumba cha mguu ndicho kimeshikilia wavu ukae imara, mikono yote miwili inafanya kazi, sindano ya nyavu inapita na kurudi wala haitazami. Babu yangu alikuwa akishika wavu vivyo hivyo, kwa kidole cha mguu. Nikamsalimia. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, akauliza kwetu tunavua nini, nikamtajia tewa na changu na fulusi, nikamweleza kwamba fulusi ndiye lampuki na kwamba nimetoka kumla sasa hivi.

Mzee akaacha sindano. "Lampuki? Sasa?" Akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo aliponifundisha. Lampuki wana msimu wao, unafunguliwa katikati ya Agosti na kuisha Desemba. Wavuvi hukata makuti ya mtende, huyafunga kwenye maboya na kuyatia nanga mbali huko baharini, yakae yanaelea. Samaki wanapenda kivuli, wanakuja kujikusanya chini ya makuti, na mvuvi anazungusha wavu. Sasa mimi nimekwenda Pasaka. Huyo "wa asubuhi hii" ama alivuliwa mwaka uliopita, ama si lampuki hata kidogo. Nilitaka kurudi mkahawani pale pale. Mzee akanizuia, akasema nitajiharibia siku, akachukua kalamu akanichorea nyuma ya ile ile bili njia ya kwenda St Peter's Pool.

Twendeni huko basi. Ni mwendo wa mguu kuelekea rasi ya Delimara, mlima kidogo, kuta za mawe zisizo na udongo, mashamba, na kivuli hakuna, chukueni maji kwa sababu mbele huko sikuona duka. (Wavivu wanapelekwa kwa boti kutoka bandarini.) Ukifika, bahari imeukata mwamba wa chokaa ukawa kama nusu bakuli, maji ya kijani unaona mpaka chini, vijana wanaruka kutoka juu wakipiga kelele. Kuna vibao vya kuonya kwamba mwamba unaweza kumeguka, msivipuuze. Maji ya Pasaka yana baridi ya kuuma mifupa, nilitia miguu tu nikatosheka. Dada alilala usingizi juu ya jiwe.

Lakini msidanganywe na picha za mitandaoni, wanachagua upande wa kupigia. Geuza shingo uone: huku kituo cha umeme, pale meli kubwa ya gesi imeegeshwa ghubani moja kwa moja, na ng'ambo winchi za bandari ya makontena zimejipanga. Mimi hazikunikera, nimekulia Mombasa, winchi nimezizoea. Na ghuba yenyewe ina mambo mazito: mwaka 1565 majeshi ya Waturuki yalitia nanga hapa, na Desemba 1989 Bush baba, rais wa Marekani, na Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, walikutana humu ndani ya meli ya Kisovieti, bahari ikachafuka mpaka baadhi ya vikao vikaahirishwa. Sijui kama wao walionyeshwa samaki wao kabla ya kupikiwa.

Jioni tukarudi kwa basi, tukanunua pastizzi za njegere, vile vijisambusa vyao vya unga wa tabaka, moto, kwa senti tu. Muuzaji aliniuliza nataka kipi, akanionyesha, nikachagua. Imekuwa vigumu nini?

Sasa nyota. Mkahawa hauna nyota kwangu, hata nusu. Kijiji tatu. Hapana, mzee peke yake anastahili tano, ila hayumo kwenye orodha ya vivutio. Wekeni tatu. Anayekwenda aende Septemba, anunue samaki wake sokoni kwa macho yake, akampike nyumbani kwa mwenyeji wake. Dada anasema kuna mkahawa mwingine pale pale ambao wanakuletea sinia la samaki wabichi mezani uchague mwenyewe, angenipeleka huo, ulikuwa umejaa. Ndiyo kwanza ananiambia leo, kwa simu, na bado sijamjibu.