TAHADHARI: Duka la mtandaoni linalouza fataki za risasi na baruti kwa bei ya chini ni la matapeli, na sasa wanatisha watu kwa Uhamiaji

Ndugu zangu mnaolenga shabaha huku Marekani, hasa mnaojaza risasi wenyewe nyumbani, yaani kuziunda upya kwa maganda yaliyokwisha kutumika, nawaomba msome hili kabla hamjatuma hata senti kwa duka msilolijua. Mimi wameshanipiga dola 225. Kaka mmoja ninayeshindana naye hapa Minnesota wamempiga dola 820, na si kwamba alikuwa mzembe. Walimtisha. Kitisho chenyewe ndicho kimenifanya niandike, kwa sababu kimetungwa kwa ajili ya watu kama sisi tuliohamia hapa.

Mnaojaza risasi mnajua uchungu wa fataki, au praima kama wengi tunavyoziita: kile kikofia kidogo kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kuwasha baruti pini ikikigonga. Maganda unayaokota uwanjani na kuyatumia tena na tena. Vichwa vya risasi ukitaka unaweza hata kuvimimina mwenyewe kwa madini ya risasi. Lakini fataki ikishalipuka imekwisha, na ya kutengeneza nyumbani hakuna mwenye akili timamu anayejaribu. Shindano moja la USPSA, chama cha walenga shabaha wa Marekani, linaweza kula risasi 150 kwa siku, bado mazoezi. Fataki zikikosekana, mashine yako ya kujazia inabaki pambo la gereji.

Ukame wa fataki wa kuanzia 2020 bado tunaukumbuka. Watu walikimbilia kununua bunduki na risasi, Remington, watengenezaji wa bunduki na risasi, wakaomba ulinzi wa mufilisi Julai mwaka huo huo, na rafu zikawa tupu miezi kwa miezi. Boksi la fataki 1,000 tulilozoea kulinunua kwa dola 30 hivi likawa linauzwa mkononi kwa zaidi ya dola 100. Kiwanda cha risasi na fataki cha Federal kiko Anoka, si mbali na ninapoishi, na bado nilikuwa napita duka moja hadi jingine narudi mikono mitupu. Zimerudi madukani, lakini bei ya zamani haikurudi. Matapeli hawa wanaijua hamu hiyo ya bei ya zamani, na ndiyo wanayoifanyia biashara.

Duka nililoingia lilikuwa na fataki ndogo za bastola kwa dola 45 kwa 1,000. Angalieni walivyo wajanja: hawakuweka dola 20 ambayo mtu angeshtuka. Wameweka bei inayofanana na punguzo la kweli. Nikachukua 5,000, dola 225, usafirishaji 25, jumla 250. Ukilipa kwa Zelle, huduma ya kutuma pesa moja kwa moja kutoka benki, unapunguziwa asilimia 10. Nikalipa 225. Jina lililotokea kwenye simu nilipotuma pesa lilikuwa la mtu binafsi, wala si la duka. Nililiona kwa macho yangu, nikajiambia labda ni mhasibu wao.

Alama ya kwanza ambayo ningetakiwa kusimama nayo ni hii: "hazmati bure kwa kila oda." Fataki na baruti zinahesabiwa kuwa mzigo wa hatari, ndiyo hiyo hazmati, na kampuni za usafirishaji zinatoza ada ya ziada kwa ajili hiyo. Maduka ya kweli huiweka wazi, mara nyingi dola 20 na kitu au zaidi kwa kila shehena, ndiyo maana sisi huchangishana na kuagiza pamoja. Duka kubwa linaweza kuifuta siku ya ofa, au ukinunua mzigo mkubwa. Lakini duka dogo usilolijua, linalouza chini ya bei ya wote na kubeba ada hiyo kwa kila mteja, hata wa boksi moja, faida linaipata wapi?

Alama ya pili ilikuja kwenye barua pepe ya kuthibitisha oda. Iliandikwa kwamba mzigo umetumwa kwa USPS, shirika la posta. Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Posta ya Marekani haipokei fataki, haipokei baruti, haipokei risasi. Ni marufuku. Anayekuambia amezituma kwa posta ama anavunja sheria ama hajatuma kitu, na huyu alikuwa hajatuma kitu.

Nikaanza kuchimba. Chini ya ukurasa waliandika anwani ya duka halisi lililoko jimbo jingine. Nikatafuta namba ya duka hilo kwingine, si kwenye tovuti ya matapeli, nikapiga. Mama aliyepokea hakuniacha nimalize. Alisema wamekuwa wakipigiwa simu kama yangu wiki nzima. Nikaingia lookup.icann.org nikaangalia jina la tovuti lilisajiliwa lini. Wiki saba tu, na wao wamejisifu kwamba wapo tangu 1998. Picha ya maboksi yaliyopangwa juu ya meza ya mbao, yenye kikombe cha kahawa kwenye kona, ilikuwa imeibwa kwenye tangazo la zamani la mtu mwingine kabisa.

Sasa ya yule kaka wa dola 820. Yeye aliagiza fataki pamoja na baruti, akalipa dola 340. Siku tatu baadaye ikaja barua pepe kutoka "kampuni ya usafirishaji", ina nembo na namba ya kufuatilia mzigo, na namba hiyo inafunguka kwenye ukurasa unaoonyesha ramani. Wakamwambia mzigo umezuiwa njiani kwa sababu hauna bima ya vitu vya hatari, alipe dola 480, atarudishiwa akishapokea. Akasita. Ndipo wakaandika kwamba jina lake liko kwenye shehena ya vilipuzi, na asipolipa ndani ya saa 24 watampeleka ATF, idara ya serikali inayosimamia bunduki na vilipuzi, na Uhamiaji. Huyu ni mtu mwenye grini kadi, ameshapeleka maombi ya uraia, ana watoto watatu. Alikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Aliisoma barua ile chooni, akatuma pesa akiwa humo humo, mikono inamtetemeka. Alinionyesha meseji zote. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa pesa yangu.

Basi sikieni vizuri. Mwenye grini kadi asiye na kizuizi kingine cha kisheria, mbele ya sheria ya nchi nzima haanzi kuwa mhalifu kwa kununua fataki, ingawa majimbo mengine yana masharti yao ya ziada. ATF hawakusanyi pesa kwa Zelle. Hakuna kampuni ya usafirishaji inayomdai mpokeaji bima ya kurudishwa. Mkipata barua ya namna hiyo, msijibu, msilipe, hifadhini picha za skrini. Mlio na viza ya masomo au ya matembezi, kwenu ni jambo jingine: sheria ya Marekani inahesabu fataki, maganda, vichwa na baruti kuwa ni risasi, na kwa kawaida mwenye viza hizo haruhusiwi kuwa nazo ila kwa misamaha michache. Muulizeni wakili, msimuulize muuzaji.

Kuna jingine limezaliwa na hili. Watu wakishaogopa mtandao wanakimbilia kununua mkononi, kwenye maegesho ya magari. Fataki zilizofungwa bado kwenye boksi lake, sawa, mtu ataangalia mwenyewe. Lakini kopo la baruti lililofunguliwa, hata ukipewa bure, usilichukue. Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja alikuwa anauza kopo la baruti ya Titegroup lililobaki nusu, kifuniko kimezungushiwa utepe wa plasta. Nani ajuaye kilichomo? Baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho, moja ikawa inaungua haraka mno kuliko nyingine. Kipimo kilicho salama kwa moja kinapasua bastola mkononi kwa nyingine. Nimeliona ganda lililopasuka kwa kosa la baruti: kitako kimechanika kama karatasi. Aliyekuwa ameshika bastola ile aliokolewa na miwani.

Kwa walioshapigwa. Kama mlilipa kwa kadi ya mkopo, wahini benki: sheria inawapa siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye malipo hayo ilipotumwa, na pingamizi liwe la maandishi. Kwa Zelle benki yangu ilikataa, ikasema nilituma mwenyewe kwa hiari, lakini dai lako libaki kwenye kumbukumbu zao hata hivyo. Ripotini kwenye tovuti za serikali, reportfraud.ftc.gov na ic3.gov, na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lenu. Kuripoti kunachukua kama nusu saa na hakuna anayekuuliza grini kadi.

Na kama mlituma picha ya leseni ya udereva "kuthibitisha umri", kama walivyoniomba mimi, fungeni taarifa zenu za mkopo leo hii kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu. Ni bure, na mnazifungua tena wakati wowote mkitaka.

Tovuti niliyonunua ilizimwa juzi. Jana usiku nimeikuta nyingine, jina jipya, anwani ya duka jingine halisi, bei ile ile ya dola 45. Picha ya meza ya mbao ipo, na kikombe cha kahawa kiko pale pale kwenye kona.