Pipi za lapsi za Kathmandu, chachu mpaka jicho linafumba lenyewe

Jamani nimejaribu titaura, zile pipi za lapsi zinazouzwa vibandani Kathmandu, aisee. Lapsi ni mti mrefu wa porini huko milimani Nepal, ukoo mmoja na mwembe na mkorosho, tunda lake dogo tu likiiva linakuwa la njano, nyama nyeupe inavutika kama mlenda na imeng'ang'ania kokwa balaa, ukilila hivihivi unapambana nalo weee na hushibi. Ndo maana wanalichemsha, wanamenya, ule urojo wanachanganya na sukari, chumvi na pilipili halafu wanauanika juani mpaka ukauke.

Nilichukua aina mbili. Ile kavu ya vipande nyota 5, chumvi inatangulia, uchachu unakugonga kwenye taya, pilipili inakuja baadae ushaisahau. Ile ya majimaji hapana kwakweli, sukari imezidi halafu pakiti ilivuja begi lote likanata, nilivyomrudia muuzaji akacheka tu. Nyota 2, na moja kati ya hizo ni ya huruma.

Ila kilichoniua ni achari ya lapsi, yenye mafuta ya haradali na kokwa zake humohumo, kijiko kimoja pembeni ya wali na dengu sahani inaisha hujui imeishaje. Kokwa unainyonya taratibu, juu ina vitundu 5 kama macho, moja nimeiosha ninayo mfukoni. Na huko hazitupwi, zinachomwa kama kuni kwenye tanuri za matofali.