TAHADHARI: Kuna tapeli anauza "vibali" vya gemu za kampuni zilizokufa

Wakuu, huyu jamaa asiwapate na nyinyi. Kanipiga laki tatu na nusu, na hasira bado sijaimeza.

Alikuja jioni kwenye banda langu la gemu, kapiga shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni, laptopu kwapani. Akaomba kuchaji simu, akakaa, akawa anawaangalia madogo wanavyocheza. Mara: "Kaka, hizi gemu una vibali vyake?" Nikanyamaza. Akafungua laptopu. "THQ ilifilisika. Kampuni imekufa, gemu zake hazina mwenyewe. Sisi ndio tumesajiliwa kuzisambaza Afrika Mashariki." Akatoa karatasi nzito yenye muhuri mwekundu na namba ya usajili, jina langu akalijaza palepale kwa kalamu ya wino. Flashi ya GB 64 akaiweka mezani: Company of Heroes, Saints Row, Darksiders, Red Alert. Eti kwa kibali hicho ni ruksa kuweka kwenye mashine zote na kuuza nakala.

Najua kuna watakaosema nilikurupuka. Hapana! Nilimwambia asubiri, nikaingia mtandaoni akiwa amekaa hapo. THQ kweli iliomba kufilisika Desemba 2012. Red Alert nayo kweli ilitolewa bure: Westwood walioitengeneza walifungwa 2003, kampuni ya EA iliyokuwa imewanunua wakaiachia 2008. Nimesoma kwa macho yangu. Sasa ningemkatalia kwa lipi? Nikamtumia hela kwa simu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nikatangaza WhatsApp kwamba kwangu sasa gemu ni halali. Jumamosi banda limejaa, akaingia mteja mmoja anayejua sheria, akaichukua ile karatasi ukutani, akaisoma, akaniuliza mbele ya watu: "Wenye Company of Heroes wanajua kuhusu hii?" Akafungua Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwenye simu yake. Company of Heroes hiyo hapo inauzwa, na chini limeandikwa jina la kampuni nyingine, si THQ. Madogo wote kimya wananiangalia.

Kumbe mali za THQ zilipigwa mnada 2013. Sega wakachukua Company of Heroes, Koch Media wakachukua Saints Row, Nordic Games wakachukua Darksiders. Kampuni ikifa, hakimiliki zake hazifi nayo, zinauzwa kulipa madeni kama magari na majengo yake. Marekani gemu ya kampuni inalindwa miaka 95 tangu itoke, kwa hiyo iliyotoka 2006 ni mpaka 2101! Red Alert ni bure kwa sababu mwenye mali mwenyewe aliamua, kufungwa kwa Westwood hakuhusiki kabisa. Tapeli kachukua hilo moja la kweli akafunikia uongo wote.

Na sheria yetu Tanzania ya hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Wenyewe wangekuja, wa kukamatwa ni mimi mwenye banda, yeye jina lake halipo popote.

Mkimwona: karatasi yake haimtaji mmiliki wa gemu hata mmoja, na malipo yanatokea jina la mwanamke, anasema ni mhasibu. Namba haipatikani tena.

Huyu ni wa kufungwa, tena miaka. Anawaibia watu wanaotaka kufanya biashara kihalali! RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo, karatasi ninayo, muamala ninao. Aliyepigwa naye anitafute twende kituoni pamoja.