Kubadilisha rangi ya gomesi kwenye picha kwa GIMP: uzoefu wangu

Ninapiga na kutengeneza picha za nguo kwa wenye maduka hapa Kampala, wengi wao wa upande wa Kiyembe. Kazi ninayoombwa mara nyingi ni hii: gomesi moja tu (lile vazi refu la wanawake wa Uganda, lenye mabega yaliyochongoka na mshipi kiunoni) imeshonwa, vitambaa vya rangi nyingine bado vimo kwenye jora, na mwenye duka anataka wateja waione gomesi ile ile katika kila rangi aliyo nayo. Kushona gomesi ya hariri kwa ajili ya picha tu ni hasara. Basi rangi naibadilisha kwenye kompyuta, na programu ninayoitumia ni GIMP.

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Ni ya bure, na haibandiki alama yoyote juu ya picha yako. Ukishaipakua huhitaji tena intaneti kuitumia. Kwetu Uganda hilo ni jambo kubwa, maana tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, na picha nzito ukizipandisha mtandaoni na kuzishusha kutwa nzima, faida yote inaishia kwenye vifurushi.

Kabla ya GIMP nilikuwa na programu moja ya simu. Unagusa nguo, unachagua rangi, kazi imekwisha. Shida yake ni kwamba ilikuwa inapaka tu. Mikunjo inapotea, mng'ao wa hariri unapotea, na yale mabega ya gomesi yaliyochongoka yanabaki bapa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mama anayenunua gomesi anaangalia mabega kwanza, halafu mshipi. Vikiharibika hivyo, hana haja ya kuuliza bei.

Nilichokipenda kwenye GIMP ni kwamba inatenganisha rangi na mwanga. Nguo kwenye picha ina vyote viwili: wekundu wa kitambaa, na jinsi jua au taa ilivyokipiga, huku pamekolea, kule pameng'aa. Unaweza kuzungusha rangi peke yake, ule mwanga ukabaki ulivyo. Kwenye menyu ya Colors kuna Hue-Saturation. Humo unachagua kundi moja la rangi kati ya sita, tuseme nyekundu, unasogeza kitelezi, na gomesi inageuka kuwa zambarau huku kila mkunjo uko mahali pake.

Ila usifanye hivyo kabla ya kuichagua nguo yenyewe. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au ya maji ya kunde, rangi yake inaangukia kati ya nyekundu na njano. Ukigusa nyekundu ya picha nzima, midomo ya dada wa watu inakuwa zambarau, na viganja pia. Mimi naanza na kifaa cha kuchagua kwa rangi, kinachoshika sehemu kubwa ya nguo kwa haraka, kisha naweka maski (kifuniko kinachoamua badiliko liguse wapi na liache wapi) na kusafisha kingo kwa brashi laini: shingoni, kwenye vifungo viwili vya kushoto, na pale vidole vinapogusa mshipi. Hapo ndipo muda unapokwenda, na hapo ndipo kazi nzuri inapojulikana.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Kitambaa chekundu chenye kung'aa kinatupa wekundu wake kwenye kidevu, chini ya mkono, na hata kwenye ukuta mweupe wa nyuma. Ukigeuza gomesi kuwa kijani na kuuacha ule wekundu kidevuni, mtazamaji hatajua kasoro ni nini, lakini hataiamini picha. Narudi kwenye maski, napaka sehemu hizo kwa brashi yenye nguvu kidogo sana, mpaka mwanga unaorudi ufanane na nguo mpya.

Rangi nazo hazina tabia moja. Nyekundu kwenda damu ya mzee, au bluu kwenda zambarau, ni kazi nyepesi. Njano ni ngumu. Njano ikiwa na giza haionekani njano tena, macho yanaiona kahawia. Kwa hiyo ukitoka kwenye nyekundu iliyokolea kwenda njano, lazima upandishe mwanga pia, na upandishe taratibu ili sehemu za kung'aa zisiungue zikawa nyeupe tupu. Gomesi nyeupe nayo haisikii kitelezi hata kidogo, kwa sababu haina rangi ya kuzungushwa. Kwa hiyo naongeza tabaka jipya juu yake, kama karatasi angavu juu ya picha, nalijaza rangi ninayoitaka, naliwekea hali ya Multiply, na vivuli vya kitambaa vinapenya kutoka chini. Matokeo yake ni mazuri mno, kiasi kwamba siku hizi nawashauri wenye maduka washone ile ya mfano kwa kitambaa cheupe au cha rangi ya malai. Nyeusi siipokei. Mikunjo yake imezama gizani, na ukiilazimisha kung'aa inatoka chembechembe na rangi ya uongo.

Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limenirahisishia maisha. Zamani ukishathibitisha badiliko lilikuwa linaungana na picha, na mteja akitaka lipunguzwe kidogo unarudi nyuma au unaanza upya. Sasa badiliko linabaki juu ya tabaka, unalifungua tena na kulirekebisha hata kesho, mradi umehifadhi faili katika XCF, muundo wa GIMP yenyewe.

Lakini programu haitakuambia rangi ya kweli ya kitambaa ni ipi. Mama mmoja mwenye duka aliniambia, "Mwanangu, huyo anayenunua yuko Masaka. Hatashika kitambaa. Anatuma pesa kwa simu akiamini picha yako."

Nikamjibu, "Nimesikia, mama. Nipe jora lenyewe nilipige hapo hapo."

Tangu hapo ndivyo ninavyofanya kwa kila kazi. Jora nalipiga mahali palepale gomesi iliposimama, kwa mwanga uleule, na karatasi nyeupe pembeni ya kusawazishia rangi. Kisha nachukua rangi kutoka kwenye picha ya jora kwa kifaa cha kuchotea, na ndiyo ninayoifuata. Sichagui kijani cha kichwani mwangu. Watu wananunua gomesi za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wazazi wa bibi harusi, shangazi na dada wanavaa sare, na rangi ikikosewa aibu inakuwa ya ukoo mzima. Mwenye duka akiniomba nimuongezee rangi ambayo hana dukani ili apate oda kwanza, hiyo kazi naikataa.

Picha nazo zije nzima. Zinazopita WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa, na ubanaji wa JPEG, muundo wa kawaida wa faili za picha, mara nyingi hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga. Kwa jicho la kawaida huoni tofauti, lakini ukibadilisha rangi tu, pembeni mwa nguo unatokea ukungu wa rangi ya zamani. Mwambie mteja azitume kama dokyumenti.

Kama unapeleka kuchapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, fahamu kwamba kwenye GIMP unafanya kazi kwa rangi za skrini, yaani RGB, wakati mashine za kuchapia zinatumia wino wa CMYK, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Bluu kali na kijani kinachowaka hupoa kwenye karatasi. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia nakala mia tano.

Kujifunza kunataka subira, maana menyu ni nyingi. Anayetaka kujaribu kabla ya kupakua chochote aanze na Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, ni bure ila ina matangazo, picha inashughulikiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na inafungua hata faili za XCF. Mimi huitumia nikiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa kazi ya mchana kutwa, yenye gomesi kumi za duka moja, narudi kwenye GIMP.