Jumamosi nne za kazi za mikono Chumbageni: nilichopata kwa shilingi 40,000

Wanangu wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 5, wamemaliza Jumamosi nne kwenye darasa la kazi za mikono linalofanyika uani kwa mwalimu mmoja mstaafu hapa Tanga, Chumbageni. Ada ni shilingi 5,000 kwa mtoto kwa siku, na vifaa ni vile tunavyotupa nyumbani: boksi, trei za mayai, chupa za maji, magazeti, vipande vya kanga kutoka kwa fundi cherehani. Jumla zilinitoka 40,000. Kwa nyumba kama yetu hizo si hela ndogo, na kina mama kadhaa mtaani wameshaniuliza kama inafaa, kwa hiyo naeleza yote.

Inafaa, na kwangu mimi sababu kubwa ni gundi.

Kabla ya hapo tulikuwa tunajaribu wenyewe. Tunachemsha unga, tunabandika magazeti kwenye puto, linatoka pambo zuri, watoto wanafurahi. Baada ya wiki mbili linaota ukungu wa kijani, na usiku mende wanakuja kula pembeni. Nilishakata tamaa nikasema karatasi na hewa ya pwani haviendi pamoja. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye upishi wa gundi yenyewe.

Mwalimu anapika hivi. Vijiko vitatu vya kulia vya unga wa ngano vinakorogwa kwanza na maji ya baridi mpaka madonge yaishe kabisa. Pembeni kuna vikombe viwili vya maji yanayochemka na punje chache za karafuu. Karafuu zinatolewa, unga unamiminwa taratibu, anakoroga kwa moto mdogo mpaka iwe laini na kung'aa kama uji wa mgonjwa. Akishaepua anatia nusu kijiko cha chai cha shabu iliyosagwa. Ndiyo, shabu hiihii ambayo wanaume wanajipaka baada ya kunyoa ndevu, inauzwa kwenye maduka ya dawa za asili na viungo. Shabu na karafuu ndizo zinazozuia ukungu. Halafu kuna sharti la pili ambalo sisi tulikuwa tunalivunja kila mara: tabaka moja la karatasi likauke kabisa ndipo lifuate jingine. Ukiharakisha, unyevu unabaki ndani na kila kitu kinaozea humo.

Tulianza mwishoni mwa Februari. Masika yote yamepita na pambo la samaki alilotengeneza binti yangu bado liko ukutani sebuleni, kavu, bila doa. Hilo peke yake lingenitosha.

Trei za mayai nazo zilinishangaza. Zinachanwa, zinalowekwa usiku kucha, asubuhi zinatwangwa kwenye kinu kikuukuu, zinakamuliwa na kuchanganywa na gundi ileile. Ule mchanganyiko unabandikwa juu ya bakuli lililopakwa mafuta, unaachwa siku tatu, kisha unabanduliwa. Sasa tuna bakuli la kuwekea funguo mlangoni, na mume wangu hatafuti tena funguo za baiskeli kila asubuhi.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya mkonge, na hiyo ndiyo wanangu wanaizungumzia mpaka leo. Mwalimu alikuwa na furushi la singa fupi, yaani nyuzi za mkonge zinazobaki kwenye usafishaji baada ya majani kupita korona, ile mashine ya kuyakwangua ili kutoa nyuzi. Aliwaketisha watoto mkekani akawaonyesha kusokota kamba juu ya paja: nyuzi mbili, unaziviringisha mbele, unazirudisha zikijipinda pamoja. Wakati mikono inafanya kazi, akawasimulia kwamba mkonge si mmea wa kwetu wa asili. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na iliyonusurika ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Binti yangu alirudi nyumbani akiniuliza ilikuwaje miche 62 ikajaza mashamba yote tunayopita tukienda Korogwe. Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo, na mimi nimezaliwa hapahapa. Kamba walizosokota zilizungushwa kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyopakwa gundi, yakawa vyombo vya penseli. Cha mdogo wake kimelegea upande mmoja, lakini anakilinda kama mali.

Kwenye chupa za plastiki nina ya kusifu na ya kulalamikia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini chupa za maji bado zimejaa kila kona, kwa hiyo malighafi haikosekani. Mwalimu ana ujuzi mzuri wa kuondoa makali: chupa ikishakatwa, anaweka karatasi juu ya pasi yenye moto wa wastani, anaigusisha ile kingo kwa sekunde chache, plastiki inajikunja kwa ndani na haikati tena kidole. Anafanya mwenyewe, mtoto hagusi pasi. Nimeuiga nyumbani, madirisha yakiwa wazi.

Lakini maua ya chupa yalipakwa rangi ya maji iliyobaki kwenye ukuta wa nyumba, na ndani ya wiki moja ilikuwa inabanduka kama magamba. Rangi hiyo haishiki kwenye plastiki laini. Nilimwambia mwalimu kwa adabu. Hakuchukia, na Jumamosi ya nne alikuja na msasa, watoto wakakwaruza chupa kwanza. Za safari hiyo zimeshika vizuri zaidi, ingawa bado si imara kama kazi za karatasi.

Lililoniudhi ni mikasi. Watoto kumi na wanne, mikasi minne. Wakubwa wanaishika, wadogo wanangoja, na mwanangu siku ya kwanza alirudi analia. Kuanzia ya pili nilimfungia mkasi wake butu kwenye mfuko, na nakushauri ufanye hivyo. Pia vifuniko vya chupa vinamwagwa chini karibu na watoto wadogo sana. Kulikuwa na mmoja hajatimiza miaka mitatu aliyefuatana na dada yake, nami nilimtoa kifuniko mdomoni mwenyewe. Mtoto wa umri huo asipelekwe, au akae na mzazi. Siku moja tulianza kwa kuchelewa saa nzima.

Upande wa usafi sina neno. Makopo ya dawa za wadudu na ya mafuta ya gari hayakubaliwi hata ukiyaosha vipi, na makopo yote yanakaguliwa midomo kabla mtoto hajayashika.

Kuna jambo jingine lililotokea pembeni. Bibi yao, anayekaa Ngamiani, alipoona wanasesere waliotengenezwa kwa vipande vya kanga, aliwabonyeza akasema wamejazwa vibaya, gazeti halina uhai ndani ya mdoli. Akachana mto wake mmoja, akatoa usufi, akaketi na wajukuu barazani mpaka magharibi wakiwajaza wanasesere upya na kuwashonea nywele za uzi mweusi. Sijawahi kuona wanangu wakikaa na bibi yao muda wote ule bila kuomba simu.

Awamu nyingine inaanza shule zikifungwa, na nimeshalipia ya binti. Mdogo wake nitamwandikisha mwalimu akiongeza mikasi. Ameniahidi, na nitakwenda kuangalia kwanza.