Lensi ya mtumba Canon 70-200 f/4L kwa mbio za magari ya zamani, vumbi la Dodoma likiwemo

Wadau naomba niiongelee hii lensi vizuri maana kila nikiweka picha za magari ya zamani naulizwa natumia nini. Ni Canon EF 70-200mm f/4L USM, ile nyeupe isiyo na IS (kitulizaji cha mtikisiko wa mkono), ilitoka 1999, na yangu nimeinunua mtumba kwa bei ambayo mwenye IS hawezi hata kukusikiliza.

Huku kwetu mbio zinapigwa kwenye vumbi, nje ya mji upande wa Ihumwa, jamaa wanaleta Datsun 120Y, Peugeot 504, Escort za miaka ya sabini, gari moja moja inapita huku wanahesabu muda. Na haya sio magari ya hivi hivi aisee, 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, dereva wa Kenya Shekhar Mehta aliibeba Safari mara 5, zote na gari za Nissan maana Datsun ni haohao. Gari kama hiyo ukiipiga picha kwa shata ya 1/1000 ya sekunde matairi yanaganda, inaonekana imepaki tu barabarani, mi naona ni kuivunjia heshima kabisa.

Kwa hiyo mi nashusha shata mpaka 1/125, mkono ukishazoea 1/60, halafu nalifuata gari na kamera kuanzia mbali, nabonyeza likiwa usawa wangu na naendelea kulifuata hata baada ya kubonyeza, hapo ndo unapata gari kali na nyuma kote kumevutika. Watu wanasema bila IS hutaweza. Sio kweli, IS inatuliza mkono wako, haisimamishi gari, na kwenye kufuatisha hivi mkono wenyewe unatakiwa utembee. Zile lensi zenye IS ya modi ya pili (ya kufuata kitu kinachotembea) zinasaidia kidogo sikatai, ila tofauti ya hela ni kubwa mno kwa faida hiyo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ukizumu hairefuki, kila kitu kinatembea ndani kwa ndani, so haivuti vumbi kama zile za kuchomoka. Ina swichi ya kuifungia fokasi ianzie mita 3, weka hapo, isihangaike kutafuta nyasi za karibu wakati gari linakuja. Fokasi yenyewe iko fasta na haipigi kelele. Uzito gramu 705, unaibeba tangu asubuhi mpaka jioni bila bega kulalamika, na kwenye kamera ya kropu (yenye sensa ndogo) ile mm 200 inakuwa kama 320.

Sasa ubaya. Haina raba ya kuzuia vumbi pale inapofungia kwenye bodi, na mnaijua Dodoma kiangazi upepo ukianza. Mi navalisha mfuko wa nailoni na rababendi na SIBADILISHI lensi uwanjani kabisa, hata iweje. Vumbi likikaa kwenye kioo lipulizwe kwanza na ile pampu ndogo, usifute na tisheti, mchanga wetu unakwaruza.

Tatizo jingine ni jua. Mchana ISO 100 na shata ya 1/60 inakulazimisha kwenda f/20 huko, yaani tundu la lensi dogo sana, na ukibana hivyo kila punje ya vumbi iliyoko kwenye sensa inatokea angani kama madoa. Nunua filta ya ND (ya kupunguza mwanga) ya 67mm, au polaraiza, hiyo inakutolea na mng'ao wa kioo cha mbele mpaka dereva anaonekana, kwa gari za zamani hiyo ni muhimu sana. Ila kuanzia saa sita hivi mpaka saa tisa joto linapanda kutoka ardhini na picha za mbali zinachemka, hapo hakuna lensi itakayokuokoa, subirini saa kumi na moja jua likilala, vumbi lenyewe linageuka dhahabu nyuma ya gari.

Kwa harusi za ukumbini usiichukue, f/4 ndio tundu lake kubwa kabisa, bila IS ndani ya taa hafifu utateseka bure. Kwa magari naipa 9 kwa 10. Ukienda kununua mtumba mulika tochi kwa nyuma uangalie fangasi, zungusha zumu mwanzo mwisho usikie kama kuna mchanga, na uijaribu fokasi kwa bodaboda zinazopita hapo nje kabla hujatoa hela.